Mji mkuu usio na mtu

SWALI: Mhariri salaam, kwenye ramani Montserrat ya huko Karibi mji mkuu umeandikwa Plymouth, jamaa yangu anabisha eti hakuna anayeishi huko, sasa nani mkweli na hao watu wanaishije? Msomaji, Tanga.

JIBU: Wote mko sawa bana. Plymouth bado ni mji mkuu kwenye makaratasi ila hakai mtu, volkano ya Soufrière Hills iliamka Julai 1995, watu wakahamishwa, Juni 1997 ikaua watu 19, mwaka huohuo uwanja wa ndege nao ukaharibiwa, na mji wenyewe ukazikwa na majivu na matope hadi nyumba zingine limebaki paa tu. Kusini mpaka leo ni marufuku kukaa. Serikali ikahamia Brades, kaskazini.

Kisiwa ni kadogo, kilomita za mraba 102 hivi, kabla ya balaa walikuwa zaidi ya elfu 10, leo hata elfu 5 hawafiki maana wengi walikimbilia Uingereza na Antigua. Wengi ni wazao wa watumwa kutoka Afrika, na Machi 17 wanapumzika kukumbuka jaribio la uasi wa watumwa la 1768.

Montserrat bado ni eneo la Uingereza, kwa hiyo bosi wa juu ni Gavana anayeletwa na Mfalme wa Uingereza, ila shughuli za kila siku ziko kwa Premia (mkuu wa serikali yao) na bunge lao. Hela ni dola ya Karibi Mashariki, na sehemu kubwa ya bajeti kusema ukweli inatoka London. Kinachonichekesha, wanauza nje mchanga wa volkano hiyohiyo, na meli zinaupakilia kwenye gati ya Plymouth.