Kwa nini picha uliyoitoa Instagram imefutwa

Karibu Wikipedia, ndugu. Ile picha ya mwanamuziki uliyoichukua Instagram ukaipakia huku imefutwa kwa sababu ya hakimiliki. Kuandika "picha kwa hisani ya fulani" hakutoshi, maana kumtaja mtu si kupata ruhusa yake. Na hata huyo mwanamuziki akikujibu "tumia tu", kwa kawaida mwenye hakimiliki ni aliyepiga picha, si aliyepigwa.

Wikimedia Commons, ghala la picha zinazotumiwa na Wikipedia, hawapokei ruhusa ya "Wikipedia peke yake". Lazima yeyote aweze kuitumia tena, hata kibiashara. Kwa hiyo tazama leseni ya Creative Commons (CC), yaani masharti ya matumizi aliyoyaweka mwenye picha: CC BY, CC BY-SA na CC0 zinapita, ukiona NC (marufuku biashara) au ND (marufuku kuibadilisha), achana nayo.

Rahisi zaidi, nenda kwenye shoo yake, mpige kwa simu yako, upakie kama kazi yako mwenyewe. Ikiwa na ukungu kidogo si neno. Ila usipige bango lake ukutani ukadhani umemaliza, bango nalo lina mwenyewe!

Kama mpiga picha amekubali, atume barua pepe yeye mwenyewe kwa timu ya VRT, wale wahariri wa kujitolea wanaohakiki ruhusa, akitaja leseni. Meseji ya WhatsApp aliyokuandikia wewe haitakusaidia. Ruhusa ikipita, faili lililofutwa hurudishwa, kwa hiyo usilipakie upya.