Umefunga mikono mipana kwenye kwadi, mbona inavuta kushoto?

Msomaji aliye Oman ametuletea ujumbe: kwadi yake, yaani pikipiki ya magurudumu manne, aina ya Yamaha Raptor 700, imefungwa mikono mipya ya mbele ya +2+1 (vyuma vya umbo la V vinavyoshika magurudumu kwenye fremu), matairi yakapangwa kwa macho, na sasa kila akikaza mwendo mchangani usukani unavuta kushoto. Anauliza azungushe nini. Asizungushe kitu kabla hajapima. Kwadi inayovuta upande mmoja mara nyingi haina namba mbaya, ila kulia kuna namba yake na kushoto kuna yake.

Tuanze na hiyo +2+1. Ya kwanza ni inchi ambazo kila gurudumu linasogea nje, ya pili ni inchi ambazo linasogea mbele. Upana wote basi unaongezeka inchi 4, kama sentimita 10, na tairodi za kiwandani, zile fito zinazotoka kwenye usukani hadi magurudumuni, hazitoshi tena. Wapo wanaozifungua hadi zikabaki zimeshikwa na nyuzi tatu nne, wakaingia nazo kwenye matuta. Huo ni wazimu. Shina la milimita 12 liwe ndani angalau milimita 18, na kama halifiki, nunua tairodi ndefu. Na mipira ya breki je? Geuza usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, magurudumu yakiwa yananing'inia. Mpira ukikaza kama kamba ya nguo, nao ni mfupi.

Shokapu zikibaki zile zile, mkono mrefu unazielemea zaidi, kwa hiyo kwadi inakaa chini mbele. Kukaza kola ya springi, ile pete inayoikandamiza kwenye shokapu, kunainua mbele tu, hakuifanyi springi kuwa ngumu. Ikiwa inagonga mwisho kila ikitua, inahitaji springi nzito zaidi. Kwa vyovyote, kola za pande zote mbili ziwe sawa, zipimwe kwa rula.

Sasa sakafu. Tafuta mpira wa maji kama wa fundi mwashi uhakikishe tairi mbili za mbele zimekaa kwenye usawa mmoja. Jaza hewa kwa kipimo cha kitabu, sawasawa kulia na kushoto; hewa ya kwadi ni kidogo mno kiasi kwamba tofauti ndogo tu inalaza tairi. Funga usukani ukiwa umenyooka. Mwendeshaji apande akiwa na mavazi yake yote ya kuendeshea, kwa sababu vipimo vya kwadi tupu ni vya kwadi ambayo hakuna anayeiendesha. Ukishaishusha kutoka kwenye jeki, isukume mbele mita mbili na kuirudisha, la sivyo tairi zitakuwa zimeng'ang'ania sakafu na kukudanganya.

Kasta inatangulia. Huu ni mlalo wa mstari unaopita kwenye boljointi ya juu na ya chini (vifundo vinavyounganisha mikono na gurudumu), ukitazama kutoka ubavuni: ya juu inapaswa kuwa nyuma kidogo. Kadiri inavyorudi nyuma, ndivyo kwadi inavyonyooka kwenye mwendo mkali na ndivyo mikono yako inavyochoka kwenye kona. Mikono mingine ya juu hurekebishwa kwa spesa (pete za kujaza nafasi) kando ya bushi zake, penye fremu. Ukitoa spesa nyuma ya bushi na kuiweka mbele yake, mkono mzima unarudi nyuma na kasta inaongezeka. Yenye ncha za kuzungusha, refusha mguu wa mbele na ufupishe wa nyuma kwa kiasi kile kile. Hesabu yake ni rahisi: pima milimita kati ya boljointi mbili, zidisha kwa 0.0175. Zikiwa 200, digrii 1 ni milimita 3.5. Anzia kwenye kipimo cha aliyetengeneza mikono.

Kemba ni tairi kulala ndani au nje ukilitazama kwa mbele. Kwa kwadi za michezo, sehemu ya juu huingia ndani digrii 1 hadi 3, na digrii 1.5 ni mahali pazuri pa kuanzia. Pima kwenye rimu, usipime kwenye mpira. Simamisha pima maji wima: kwenye urefu wa sentimita 25, digrii 1 ni tofauti ya karibu milimita 4.4. Kuingiza boljointi ya juu kunalaza tairi ndani, kuitoa kunalisimamisha. Itoe kwanza kwenye nakoo (chuma kinachobeba gurudumu), kisha uizungushe mizunguko kamili tu, kwa kuwa pini yake lazima irudi ikitazama nakoo. Ncha ya upande wa fremu inakubali nusu mzunguko, na ndiyo inayokupa urekebishaji mdogo. Ukizidisha kemba, ukingo wa ndani wa tairi unaliwa na breki inashika kidogo.

Matairi kubana mbele huja mwisho kabisa, maana kila ulichogusa kabla yake kinabadilisha kipimo hicho. Chora mstari wa chaki katikati ya kila tairi. Pima kati ya mistari kwa mbele, kwenye urefu wa ekseli, kisha sukuma kwadi mpaka alama zile zile zifike nyuma na upime tena. Mbele pawe pafupi kwa milimita 3 hadi 6. Mchanga utayasukuma matairi yafunguke, na ndiyo sababu hatuyaachi sambamba. Tairodi ina nyuzi za kushoto upande mmoja, kwa hiyo unaizungusha yenyewe bila kuing'oa. Zungusha kulia na kushoto sawasawa, na uhesabu nyuzi zilizo nje.

Kabla ya kukaza nati za kufungia, ondoa shokapu moja na uinue gurudumu kutoka chini hadi juu. Likijigeuza lenyewe njiani, tairodi haiendi sambamba na mikono na itakunyang'anya usukani kwenye kila tuta. Tiba yake ni spesa penye nakoo. Tazama pia boljointi isibane gurudumu likiwa chini kabisa.

Kwa msomaji wetu: kwadi huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo, au ule ambao tairi lake limesimama zaidi. Apime kushoto kwanza. Vipimo vikilingana, abadilishane matairi ya mbele. Ikianza kuvuta kulia, mikono haina kosa. Nati zote azipige alama ya rangi, azikague tena baada ya saa moja ya kuendesha.