Kabla Hujauza Shamba la Miti: Majibu kwa Wanaotaka Urubani

Jumamosi nikiwa nyumbani Mbeya na siko zamu, hukaa na vijana wanaotaka kuwa marubani. Tunaazima darasa, hakuna anayelipa. Maswali ya wiki hizi yamefanana, kwa hiyo nayajibu hapa.

Shikamoo kapteni. Nimemaliza kidato cha sita Iringa, mchepuo wa PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati). Nianzie wapi?

Marahaba. Anzia kwa daktari. Chuo baadaye, pasipoti baadaye. Rubani wa biashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na si kila hospitali inakitoa: unapimwa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Macho, masikio, moyo, mkojo, vyote. Nimeona kijana amelipa ada, amenunua na miwani ya jua ya kirubani, halafu akagundua hatofautishi taa nyekundu na ya kijani.

Ukishakipata, ngazi ni hizi kwa viwango vya kimataifa: leseni ya rubani binafsi kuanzia miaka 17, saa 40 za kuruka; ya biashara miaka 18, saa 200, au 150 ukisoma mfululizo kwenye chuo chenye mtaala ulioidhinishwa; na ile ya juu kabisa, inayokupa ukapteni wa ndege kubwa za abiria, miaka 21 na saa 1,500. PGM yako inatosha sana. Jiografia utaishukuru siku ya mtihani wa hali ya hewa.

Mwanangu amepata chuo nje ya nchi. Wakala anasema tulipe ada yote mwezi huu, nafasi zinaisha. Nina shamba la miti ya mbao hapa Mafinga, ina miaka tisa. Niuze? (Mzazi)

Mzee wangu, shikamoo. Usiuze. Miti ya miaka tisa bado michanga, unajua mwenyewe mnunuzi atakuambia nini.

Marehemu baba yangu aliuza ng'ombe, tukalipa chuo kimoja pesa zote kwa mkupuo. Nikiwa na saa 31 ndege ikaenda matengenezo. Mwezi wa kwanza tukaambiwa kuna kipuri kinasubiriwa. Mwezi wa nne nikarudi nyumbani kulima viazi. Niliporudi chuoni mkono ulikuwa umesahau, nikarudia masomo niliyokwisha kuyalipia, safari hii kwa mkopo wa shangazi. Na hakuna aliyenitapeli. Chuo kilikuwa na ndege moja tu inayoruka, wanafunzi kumi na wanne, na sisi hatukuuliza.

Kwa hiyo wewe uliza, na majibu yaje kwa maandishi. Ndege ngapi zinaruka leo, siyo ngapi zimepigwa picha? Bei ya saa moja ina mafuta ndani yake? Ina mwalimu? Ada ya kutua analipa nani? Katika hizo saa wanazotangaza, ngapi ni za angani na ngapi ni za kwenye simuleta, ile mashine ya ardhini inayoiga ndege? Mwanao akihitaji saa zaidi ya kiwango cha chini, na wengi huhitaji, bei inakuwaje? Lipa kwa awamu, kila awamu baada ya saa kurukwa. Chuo kikikataa awamu kabisa, hapo ushapata jibu.

Halafu akirudi na leseni ya nje atapaswa kuibadilisha iwe ya Tanzania kwa TCAA, na hilo lina mitihani na gharama zake. Wakala amekutajia? Muulize pia chuo kinamlipa nini kwa kila mtoto anayempeleka. Yule ni mfanyabiashara, naye ana haki ya kula, ila usimchukulie kama mshauri.

Mimi ni msichana wa Njombe, navaa miwani. Nimeambiwa nisahau.

Aliyekuambia havai sare yetu. Kiwango ni 6/9 kwa kila jicho (yaani kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 9) na 6/6 kwa macho yote mawili, na kukifikia kwa msaada wa miwani kunaruhusiwa. Utatakiwa kubeba miwani ya akiba kila safari. Basi.

Nimezaliwa Uyole, nimezoea mwinuko na baridi. Itanisaidia?

Mapafu yako ndiyo, ndege hapana! Hewa ya huku juu ni nyepesi: injini ya pistoni isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 za mwinuko, na mjini Mbeya tuko kwenye futi 5,500 hivi. Mabawa nayo yanapata hewa kidogo ya kushika. Ongeza jua la saa saba mchana, ndege ndogo itakula njia ndefu ya kurukia kabla haijanyanyuka. Ukifundishwa pwani, kumbuka hesabu hiyo siku ya kwanza unapokuja nyumbani.

Kaka, mimi ni rubani msaidizi tangu mwaka jana, kwetu Tukuyu. Nataka kujitolea kama wewe. Nianzeje?

Karibu mdogo wangu. Usianze na ukumbi. Nilishazungumza na shule nzima mstarini, wakapiga makofi, wakapiga picha na kofia yangu, na hakuna hata mmoja aliyenitafuta tena. Anza na watano.

Nenda na kitabu unachoandikia saa zako za kuruka. Wafungulie kurasa za mwanzo: dakika hamsini, dakika hamsini, kupaa na kutua uwanja uleule, wiki nzima. Kijana mmoja alihesabu safu kwa kidole kurasa sita, akaniuliza, "Abiria wako wapi?" Nikamwonyesha walipoanzia, mbali kule. Waambie na deni lako, kwa tarakimu.

Swali la ugonjwa usilijibu, mpeleke kwa daktari. Usipokee chochote kutoka chuoni, hata nauli. Usimwahidi mtu kumpenyeza kazini. Ndizi za wazazi wa Tukuyu, hizo pokea, huwezi kuzikwepa.

Jumamosi ijayo nina vijana saba na nimepangiwa safari. Kama uko mapumziko, njoo uwapokee saa nne. Ufunguo wa darasa uko kwa mlinzi.