720,720: namba ya makuli

Mkuu uliyeuliza kwa nini mwalimu kampa dogo wako 720,720 atafute vigawo vyake vyote, pole yake maana viko 240, akiorodhesha kimoja kimoja daftari linaisha. Hii namba mi naijua kuliko namba yangu ya simu. Msimu mmoja wa korosho nilikuwa karani ghalani huku Masasi, tukapakia magunia 1,001 kwenye semi, malipo shilingi mia saba kwa gunia na ishirini ya maji (hiyo ishirini makuli waliigombania nusu saa nzima aisee), 720 mara 1,001 ndo hiyo.

Makuli walikuwa 14, nikagawa kwenye simu ikaja 51,480 kavu, hakuna desimali. Mara wakasema kuna wawili wamesaidia semi ya mwisho, kwaiyo 16, nikagawa tena 45,045. Wakagombana, watatu wakatolewa eti walilala, 13, ikaja 55,440, hapo nikadhani simu imeharibika bana.

Kumbe siri iko kwenye 1,001 ambayo ni 7 mara 11 mara 13. Ndo maana tarakimu tatu zozote ukiziandika mara mbili mfululizo, mfano 345345 (ambayo ni 345 mara 1,001), lazima zigawanyike kwa hizo tatu, jaribuni. Na 720 ni 16 mara 9 mara 5. Kwaiyo namba tasa zilizomo ni 2 mara nne, 3 mara mbili, halafu 5, 7, 11 na 13 moja moja. Mwambie dogo achukue kila idadi aongeze moja kisha azidishe: 5×3×2×2×2×2, anapata 240 bila jasho. Ile KDS ya darasani (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote), ukitafuta ya 1 mpaka 16 yote kwa pamoja, jibu ni hii hii.

Ukitaka kuipanga kwenye makundi: ni shufwa, hilo linaonekana, mraba sio kwa sababu 5 iko peke yake haina mwenzake, na ukijumlisha vigawo vyake bila yenyewe unapata 2,529,072, zaidi ya mara tatu na nusu ya yenyewe, yaani imejaa kupita kiasi. Ila kundi lake la maana ni lile alilolichambua Ramanujan, mwanahisabati wa India, mwaka 1915, namba ambazo hakuna iliyo ndogo kuliko zenyewe ikafikia idadi ya vigawo vyao. Hata ile 55,440 ya wale 13 imo humo, ina vigawo 120.

Mwisho wale watatu wakarudishwa, tukawa 16 tena, nataka kutuma hela mlinzi naye akaja anadai mgao wake. 17. Ikatoka 42,395 kila mtu na shilingi tano ikabaki, na tuligombania ile tano pia.