Marejesho, Tumbo na Moyo Kwenda Mbio

Ndugu zangu mnaohangaika na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, nina neno nanyi kuhusu miili yenu.

Mimi nauza vitenge Ngamiani, hapa Tanga. Siku za marejesho, simu ikiita tu, mdomo unakauka, viganja vinalowa jasho, chai haishuki. Usiku nasaga meno hadi asubuhi taya zinauma. Majirani walisema vidonda vya tumbo, wengine wakasema jini. Nilipopimwa, vidonda havikuonekana.

Kinachotokea ni hiki. Ubongo ukihisi hatari, tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini papo hapo. Moyo huongeza kasi, ini hutoa sukari kwenye damu, misuli hukaza, na damu hupungua tumboni ili iende kwenye misuli. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Ungekutana na chui, hayo yote yangekufaa. Lakini deni hulikimbii, na homoni nyingine iitwayo kotisoli huendelea kufanya kazi wiki hadi wiki. Hapo ndipo usingizi hupotea na kinga hudhoofika.

Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye aliandika kuhusu panya aliowatesa kwa baridi, majeraha na sumu. Mateso yalikuwa tofauti, miili ikajibu namna moja: tezi hizo za juu ya figo zilivimba na tumbo likapata vidonda. Ila kwa sisi binadamu, vidonda vingi huletwa na bakteria au dawa za maumivu. Kwa hiyo usijitibu kwa kubahatisha, kapime.

Kwangu mimi kilichosaidia kwanza ni pumzi. Vuta taratibu kwa pua, kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Moyo hutulia kweli. Alasiri natembea hadi Raskazone, kwa sababu misuli iliyoandaliwa kukimbia inataka itumike. Kahawa nimeiacha siku za marejesho, maana nayo huongeza mapigo.

Lakini pumzi hailipi deni, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nawaona kina mama wengi wanaficha. Mwambie mumeo au dada yako. Nenda kwa mkopeshaji kabla hajakufuata, mpange upya kiasi cha kulipa. Mimi usingizi ulirudi baada ya mazungumzo hayo.

Na kifua kikibana, maumivu yakishuka mkononi au pumzi ikikata, usiseme ni mawazo tu. Panda bajaji uende hospitali saa hiyo hiyo.