Jioni ya pilau kwenye ukumbi wa kijiji Uingereza: tarehe, vibali, vipimo

Mdau ameuliza: yuko kijijini huko Norfolk, anafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, na yeye na wenzake wachache, Watanzania na Wakenya, wanataka kuandaa jioni ya vyakula vya pwani kwa watu 60. Fedha zote ziende kwenye paa la ukumbi wa kijiji. Anataka kujua wenyeji wanapashana habari kwa njia gani, na waanzie wapi. Tarehe anayoifikiria ni Jumamosi, 10 Oktoba 2026. Nitajibu kwa kuishika hiyo hiyo ili mahesabu yaonekane.

Mkuu, anza na jarida la kijiji. Facebook ije baadaye. Kundi la Facebook la kijiji linajaa paka waliopotea na malalamiko ya mashimo barabarani, na wanaolisoma ni wazazi wenye watoto wadogo ambao Jumamosi usiku hawatoki. Wanaonunua tiketi za chakula ukumbini ni wastaafu, na wao wanasoma kile kijitabu cha A5 kinachopitishwa mlango kwa mlango kila mwezi na watu wa kujitolea. Mara nyingi kinatolewa na kanisa la Anglikana, pengine kwa kushirikiana na baraza la kijiji. Kama hakifiki kwako, uliza kanisani au dukani nani anagawa mtaa wenu.

Sasa angalia kalenda yake. Mwisho wa kupokea matangazo huwa kati ya tarehe 10 na 15 ya mwezi unaotangulia, na majarida mengi huunganisha Julai na Agosti kuwa toleo moja. Toleo la Oktoba litafika milangoni wiki ya kwanza ya Oktoba, yaani siku chache kabla ya pilau. Ukilitegemea hilo umechelewa. Tangazo kubwa liwe kwenye toleo la Septemba, maana yake limfikie mhariri katikati ya Agosti. La Oktoba liwe ukumbusho tu. Ukiweza kupenyeza mstari mmoja wa "shika tarehe" kwenye toleo la Julai na Agosti, basi ukumbi na tarehe viwe vimekamilika mapema Juni. Wageni wengi hukosea hapa, wanahesabu wiki tatu kama za kutosha kwa sababu kwetu harusi inatangazwa na watu wanakuja.

Maandishi ya kumpelekea mhariri yasizidi maneno 80: siku, saa ya kufungua mlango na saa ya kula, mahali, bei, kilichomo kwenye bei, fedha zinaenda wapi, tiketi zinapatikana kwa nani na namba gani ya simu. Yatume ndani ya barua pepe au faili la Word. Usimtumie picha ya bango la rangi uliyotengeneza kwenye simu. Mhariri ni mtu wa kujitolea, jarida lenyewe mara nyingi ni jeusi na jeupe, na picha hiyo itageuka kiza.

Lakini kabla ya kuandika chochote, tarehe. Mtafute anayeshika daftari la kupangisha ukumbi. Jina na simu yake viko mlangoni au kwenye ubao. Kumbi nyingi za vijiji ni mali ya hisani inayoendeshwa na kamati ya wadhamini wasiolipwa, kwa hiyo majibu yanaweza kuchukua wiki. Muulize mambo mawili tofauti: ukumbi uko wazi, na kijijini kuna nini wiki hiyo. Septemba mwisho na Oktoba mwanzo ni msimu wa chakula cha mavuno cha kanisa, na ukikiwekea ushindani utakula pilau na wenzako wale wale. Novemba ina fataki za tarehe 5 na Jumapili ya pili ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Chama cha akina mama, Women's Institute, kina jioni yake maalumu kila mwezi na haihamishwi. Mei ukumbi huenda ukawa kituo cha kupigia kura.

Kamati ikijua fedha ni za paa lao, mara nyingi itakupa ukumbi bure au kwa bei ya wenyeji. Omba hivyo kwa maandishi. Uliza pia bima ya dhima kwa umma, ile inayolipa mgeni akiumia: ya ukumbi huweza kumfunika mwenyeji anayekodi kwa sherehe yake lakini isifunike tukio la kuuza tiketi. Na uliza kama ukumbi una leseni ya muziki ya PPL PRS, wale wanaokusanya malipo ya wanamuziki, kwa sababu hata taarabu ya kwenye spika inahesabika.

Ubao wa matangazo una kufuli, na ufunguo kwa kawaida uko kwa karani wa baraza la kijiji. Mpe bango la A4 lililotiwa plastiki. Hapo hapo ubaoni ndipo inapobandikwa ajenda ya baraza, angalau siku tatu kamili kabla ya kikao. Soma, maana vikao vingi vina dakika chache za wananchi kusema, na kusimama kutaja tukio lako kunafanya kazi kuliko mabango kumi. Njia panda unaweza kuweka kibao kwa ruhusa ya mwenye uwanja au ua: kisizidi mita za mraba 0.6, kisitangulie tukio kwa zaidi ya siku 28, na kiondolewe ndani ya siku 14 baada yake. Kwa tarehe yako ni kuanzia 12 Septemba hadi 24 Oktoba. Nguzo za taa na alama za barabarani usiziguse, ni kosa.

Pombe. Kama ukumbi hauna leseni na mnataka kuuza bia, mnahitaji Temporary Event Notice (taarifa ya tukio la muda), £21, kutoka halmashauri ya wilaya, siyo baraza la kijiji. Lazima iwafikie siku 10 kamili za kazi kabla, bila kuhesabu siku waliyoipokea wala siku ya tukio. Ukirudi nyuma kutoka 10 Oktoba, siku hizo 10 zinaanza Jumatatu 28 Septemba, hivyo siku ya mwisho ya kuipokea ni Ijumaa 25 Septemba. Ipo ya kuchelewa, siku 5 hadi 9 za kazi kabla, ila polisi au maofisa wa afya ya mazingira wakiipinga imekufa, hakuna kusikilizwa. Peleka mwezi mzima kabla na ulale. Mtego unaowanasa wengi ni glasi ya mvinyo "ya bure" iliyomo ndani ya bei ya tiketi: hiyo ni kuuza. Watu wakija na chupa zao wenyewe, hakuna kibali kinachotakiwa. Na kama waandaaji ni Waislamu na hamtaki pombe, andikeni kwenye tangazo mapema kwamba hakutakuwa na pombe, kwa sababu desturi ya wenyeji ni kubeba chupa, na kumrudisha mzee wa miaka 75 na chupa yake kwenye gari ni aibu kwa wote. Chakula cha moto kikiuzwa baada ya saa tano usiku kinataka leseni pia, lakini wenyeji watakuwa wamelala saa nne na nusu.

Bahati nasibu ndiyo inayoleta hela baada ya tiketi, na wenyeji hawaelewi jioni isiyo nayo. Ikiwa tiketi zake zinauzwa ukumbini tu, wakati wa tukio, haihitaji usajili. Masharti: hakuna anayefaidika binafsi, kwenye mapato yake zisikatwe zaidi ya £500 kwa ajili ya zawadi wala zaidi ya £100 kwa gharama nyingine. Ukianza kuziuza wiki mbili kabla, umeingia kundi jingine, unasajiliwa halmashauri kwa £40. Vitabu vya tiketi za rangi vinapatikana duka lolote la vifaa vya ofisi. Nunua rangi mbili tofauti, na usiwe na vitabu viwili vya rangi moja vyenye namba zile zile, ugomvi wake hauishi. Zawadi zipangwe mezani na mshindi achague mwenyewe. Chupa zilizofungwa zinaruhusiwa kuwa zawadi hata bila kibali cha pombe. Ambaye dini yake haimruhusu kuendesha bahati nasibu afanye mnada wa vitu: kapu la viungo, khanga, mkungu wa ndizi kutoka Norwich.

Tuje jikoni. Kwa watu 60 wa umri huo, gramu 80 za mchele mkavu kwa mtu zinatosha, yaani kilo 5. Sahani ya kwetu ya kujaza itarudi nusu. Nyama isiyo na mfupa kilo 8. Mifupa waachie nyumbani, watu wanaokula kwa kisu na uma watahangaika nayo. Sambusa mbili mbili, kaanga 130. Tenga sahani 12 za wasiokula nyama, maharage ya nazi yanapendwa sana. Pilipili weka pembeni kwenye vibakuli.

Kilo 5 haziivi kwenye sufuria moja la shughuli, kwa sababu jiko la ukumbi ni la nyumbani na plate zake ni ndogo: katikati kutaungua, pembeni kutabaki na kiini. Tumia sufuria tatu za lita 12, kila moja chini kidogo ya kilo 1.7 za mchele, zikishakauka funika kwa foili na malizia kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 20 hivi. Pima kwanza kama sufuria linaingia kwenye oveni, vishikio na vyote.

Pilau lipikwe siku hiyo hiyo. Usilipike Ijumaa ukaliacha kwenye sufuria hadi asubuhi kama tunavyofanya kwenye shughuli, kwa sababu mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hazifi kwa kuchemka, na wali unaopoa polepole ndio shamba lake. Sumu anayoacha haiondoki ukipasha moto tena. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 63. Kikishuka chini ya hapo wakati wa kupakua una saa mbili, mara moja tu, kisha kitupwe. Kipimajoto cha kuchomeka ndani ya chakula hakina bei kubwa, nunua.

Umeme ni balaa lake. Birika kubwa la chai la ukumbi linakula kilowati 3, yaani soketi nzima. Ukiliwasha pamoja na majiko ya ziada na kikaangio cha sambusa, swichi kuu inakatika watu wakiwa wameshakaa. Mwambie mtunza ukumbi akuonyeshe kisanduku cha swichi kilipo kabla ya siku yenyewe. Lita 20 za maji zinachukua dakika 40 hivi kuchemka, kwa hiyo liwashwe watu wakianza kula. Sambusa zikaangiwe nyumbani, zipashwe oveni. Na kama hita ya ukumbi inaendeshwa kwa sarafu au kwa saa ya kupangwa, iwashwe saa mbili kabla. Hizo kuta za zamani hazipati joto kwa dakika kumi.

Tukio la mara moja la kujitolea kwa kawaida halihitaji kusajiliwa kama biashara ya chakula. Mzio ni habari nyingine, watauliza kila mmoja. Wenyewe wana orodha ya vizio 14, na kwenye mapishi yetu vinajificha hivi: ngano kwenye manda za sambusa na kwenye mandazi, maziwa na mayai kwenye mandazi, karanga na korosho kwenye mchuzi, ufuta kwenye kashata, haradali kwenye baadhi ya bizari za pakiti, seleri kwenye vile vidonge vya supu. Nazi haimo kwenye orodha hiyo lakini iandike tu. Kadi moja mbele ya kila chakula, na mtu mmoja mezani anayejua kilichomo kweli. Jibu la "nadhani hamna" lisitoke mdomoni mwa mtu.

Tiketi ziuzwe kabla, kwa majina, dukani au baa ya kijijini, na mauzo yafungwe Jumatano ya wiki hiyo ili mjue idadi. Ukisema mlango saa kumi na mbili na nusu, watakuwa nje saa kumi na mbili na dakika ishirini, kwa hiyo meza ziwe tayari saa kumi na mbili kamili. Muwe na chenji ya kuanzia, £60 hivi, nyingi sarafu za pauni. Mashine ya kadi ijaribiwe mapema ndani ya ukumbi. Kuta nene na mtandao wa kijijini havipatani.

Kwa wenye viza za kazi ya uuguzi na ulezi: kujitolea kunaruhusiwa, ila usichukue malipo, wala usigeuze jambo hili kuwa biashara ya chakula ya kwako kabla ya kusoma masharti ya viza neno kwa neno.

Fedha zihesabiwe na watu wawili usiku huo huo, mmoja awe wa kamati ya ukumbi, waandike na kusaini. Taka nyingi inabidi mwondoke nazo, mapipa ya ukumbi hayapokei za wapangaji. Viti virudi kwenye marundo ya idadi iliyoandikwa ukutani.

Kisha, kabla ya tarehe 15 Oktoba, mpelekee mhariri maneno 100 kwa toleo la Novemba: kiasi kilichopatikana hadi senti, shukrani kwa duka lililouza tiketi, kwa waliotoa zawadi na kwa walioosha vyombo, kwa majina yao wote. Picha yenye watoto usitume bila idhini ya wazazi.