2000D mpya au 80D iliyotumika? Kwanza niambie unapiga wapi

Vijana wanaoanza kupiga picha huniuliza swali hili kila mara: ninunue Canon 2000D mpya, au nijikaze nitafute 80D? Wengi wanauliza wakiwa wameshaamini kwamba ya bei kubwa inatoa picha nzuri zaidi. Mchana, nje, ukifunga lenzi ileile kwenye kamera hizo mbili, mteja wako hatatofautisha. Sensa, yaani kipande cha ndani kinachonasa picha, zinalingana ukubwa na zote zina megapikseli 24. Kwa Nikon ndiyo utashangaa kabisa: D3500 ya wanaoanza ina megapikseli 24, D7500 ya bei ya juu ina 20.9.

Sasa hiyo pesa ya ziada inakwenda wapi? Inakwenda kwenye vidole vyako.

Chukua ukumbi wowote wa harusi hapa Dar, saa tatu usiku. Maharusi wanaingia. Mlangoni kuna taa kali ya mtu wa video, hatua chache mbele ni giza, kisha taa za DJ za zambarau zinazozunguka. Hakuna anayekusubiri; wanakuja wakicheza. 2000D ina gurudumu moja tu la kurekebishia. Ukipiga kwa manual, yaani wewe mwenyewe unapanga kila kitu, gurudumu hilo linabadilisha kasi ya shata, ule muda ambao mwanga unaingia kwenye sensa. Ukitaka kufungua au kufunga tundu la lenzi, mpaka ukandamize kitufe cha Av kwa dole gumba, ukishikilie, ndipo uzungushe. 80D ina mawili, moja la kidole cha shahada na jingine nyuma la dole gumba, kwa hiyo unarekebisha vyote bila kutoa jicho kwenye kamera. Kwenye tangazo la dukani hilo halionekani, lakini ndilo linaloamua kama utampata mama wa bibi harusi akipiga vigelegele au akiwa ameshafunga mdomo.

Fokasi, yaani kamera kulenga ili picha isiwe na ukungu, nayo ni hivyo hivyo. 2000D ina pointi 9, na ya katikati peke yake ndiyo ya msalaba, yaani inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Gizani zile za pembeni zinahangaika, lenzi inakwenda mbele inarudi nyuma. Nikishika kamera ya namna hiyo natumia ya katikati tu: naiweka kwenye jicho la mtu, nabonyeza nusu, nasogeza fremu, napiga. Watu wakiwa wametulia inakubali. Wakianza kucheza kwaito, kazi unayo. 80D ina pointi 45, zote za msalaba.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawakwambii. Angalia juu ya kamera, pale pa kuchomekea flashi. Kwenye kamera nyingi kuna kidoa cha chuma katikati, kikubwa kuliko vile vingine. Canon walikitoa kwenye 250D, kamera yao nyingine ya wanaoanza, na 2000D nyingi hazina. Bila hicho, flashi za manual za bei rahisi haziwaki. Unalazimika kutafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya Canon. Na anayenunua kamera ya bei ndogo ndiye huyohuyo aliyepanga kununua flashi ya bei ndogo! Nikon nao wana lao: D3500 haina mota ya fokasi ndani ya bodi, hivyo zile lenzi za zamani za AF-D, zinazotegemea mota ya kamera, utazungusha kwa mkono. D7500 inayo.

Kama unarekodi watu wakizungumza, 2000D iache dukani, haina tundu la maiki. Betri isikuumize kichwa: kwa kipimo cha watengenezaji ni picha 500 kwa 2000D dhidi ya 960 kwa 80D. Nunua ya pili, yaishe.

Msimamo wangu ni huu. Kama unapiga familia, safari, au bidhaa unazouza mtandaoni, nunua ya wanaoanza, na pesa inayobaki utafute lenzi ya 50mm f/1.8. Namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi inayokuja na kamera, ukivuta mpaka 55mm, inaishia f/5.6. Ile 50mm inaingiza mwanga zaidi ya mara 9 ya huo. Kwa picha ya mtu aliyekaa mahali penye giza, 2000D yenye 50mm inaipiga bao 80D yenye lenzi ya kawaida, na sioni sababu ya kubishana hapo.

Ukishaanza kulipwa kwa harusi na send-off, nachagua 80D iliyotumika kuliko 2000D mpya, hata kama mpya ina waranti. Ila zingatia kwamba 80D inabeba kadi moja ya kuhifadhia picha, ikiharibika huna nakala. Mwenye wasiwasi wa kupoteza harusi ya watu aangalie Nikon D7200, inabeba mbili. Hata kwenye mirrorless, kamera zisizo na kioo ndani, hadithi ni ileile: Canon R50 ina gurudumu moja, R10 ina mawili.

Ukienda kuangalia 80D iliyotumika, usiishie kwenye mikwaruzo. Canon waliipima shata yake kwa mapigo 100,000, lakini menyu haikuonyeshi imepiga mangapi. Muombe muuzaji aiunganishe na kompyuta yenye programu ya kusoma hesabu hiyo, na akikataa, punguza bei unayotaja. Weka f/16, piga anga au ukuta mweupe, kuza picha. Vidoa vyeusi ni vumbi kwenye sensa, mara nyingi vinasafishika. Mwisho zungusha yale magurudumu mawili polepole huku ukitazama namba. Likiwepo linaloruka namba au linalorudi nyuma lenyewe, mrudishie kamera yake.